"Naam" ya Baba: mwaka na miezi mitatu ya kutafuta ulezi wake mahakamani

Baba yangu alisomesha shule za msingi kwa miaka 33, na kilichomkera kuliko utoro ni mtoto anayeitikia "naam" ilhali hakulisikia swali. "Naam ya nini?" angemuuliza. "Haya, rudia nilichosema." Tangu Ramadhani ya 2023 hilo ndilo neno pekee alilobakiwa nalo. Una njaa, Baba? Naam. Umeshiba? Naam. Mimi ni nani? Naam.

Neno hilo lilitugharimu mwaka na miezi mitatu, pesa ambazo hatukuwa nazo, na nusura litugombanishe ndugu wa tumbo moja tusizikane. Naandika kwa ajili ya yule aliye Kenya ambaye mzazi wake, mume wake au ndugu yake ameondolewa na kiharusi, ajali au usahaulifu wa uzee uwezo wa kuendesha mambo yake, na hajui aanzie wapi. Mimi si wakili. Ni karani wa shule, mtoto wa tatu kati ya watano, na haya nimeyasomea kwenye mabenchi ya Mahakama Kuu ya Mombasa.

Ilikuwa alfajiri baada ya daku. Baba aliinuka kwenda kutawadha, akarudi kitini, akataka kusema kitu na mdomo ukaenda upande. Mkono na mguu wa kulia vikawa si vyake. Alilazwa siku 19, kisha tukarudishiwa nyumbani akiwa na mpira wa mkojo, dawa za presha, na maagizo ya kumgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia. Habari ya sheria hatukuambiwa na yeyote, wala sisi hatukuuliza. Mtu aliyerudi na mgonjwa wa namna ile anawaza uji na shuka.

Kilichotuamsha ni nepi. Nepi za watu wazima zinakula pesa usiku na mchana, na juu yake kuna dawa, na fizio, mtu wa kumfanyisha mazoezi ya viungo, anayekuja mara mbili kwa wiki, na kijana wa kusaidia kumwinua. Na pesa Baba alikuwa nazo! Pensheni yake iliingia benki kila mwezi. Alikuwa na vyumba sita vya kupangisha Kisauni, na wapangaji walimtumia kodi kwa M-Pesa. Tulikuwa tukikopa kwa jirani ili tumuuguze mtu mwenye pesa zake.

Mdogo wetu wa mwisho aliijua namba ya siri ya simu ya Baba. Basi ikawa yeye ndiye anayetoa. Leo elfu tano za dawa, kesho elfu tatu za teksi ya kwenda kliniki. Sidhani kama aliiba. Lakini hakuandika popote, na sisi hatukumwambia aandike, kwa kuwa nani anamwekea mdogo wake daftari kwa ajili ya dawa za baba yao? Ulipofika mwezi wa tatu wa ugonjwa kaka mkubwa akauliza kodi ya vyumba sita imekwenda wapi, mdogo akajibu kwa hasira, na siku ile watu wawili waliolala kitanda kimoja utotoni waliambiana maneno ambayo nikiyaandika hapa yatanichafulia ukurasa. Kutumia namba ya siri ya mtu mwingine ni kosa hata ukiwa na nia njema, na sisi tulilifanya. Baadaye, mahakamani, ile miezi mitatu isiyo na maandishi ndiyo iliyonitoa jasho zaidi. Kama leo ndiyo siku ya kwanza ya mgonjwa wako, kabla ya wakili, kabla ya yote, nunua daftari la shilingi hamsini. Tarehe, pesa imetoka wapi, imekwenda wapi, risiti ibandikwe.

Juni tukambeba Baba hadi benki. Tulimkodia gari, tukamvika kanzu ya Idi, tukamwingiza kwa kiti cha magurudumu na watu wakatupisha kwenye foleni. Meneja wa tawi alitoka mwenyewe, maana alikuwa mwanafunzi wake zamani. Akachutama mbele ya kiti.

"Shikamoo, Mwalimu. Unataka mwanao awe akikutolea pesa?"

"Naam."

Tukatazamana kwa furaha. Yule meneja akanyamaza kidogo, kisha akauliza tena, taratibu. "Au unataka tuifunge akaunti, Mwalimu, asiguse mtu?"

"Naam."

Hakutuhukumu. Alisema tu kwamba hawezi, na kwamba tutahitaji amri ya mahakama. Mama alilia kwenye gari njia nzima. Mimi nilimkasirikia yule meneja wiki mbili, kisha nikaona kwamba katika mwaka ule wote ni yeye peke yake aliyemuuliza Baba swali akangoja jibu.

Ungedhani tulikwenda mahakamani kesho yake. Wapi! Tulikwenda kwa chifu. Chifu akatuandikia barua nzuri yenye muhuri, kwamba anaijua familia na mimi ni binti halali. Benki wakaisoma, wakairudisha. Barua ya chifu inathibitisha wewe ni nani. Haikupi mamlaka juu ya mali ya mtu mwingine.

Kisha ami yetu, mdogo wake Baba, akasema sisi ni Waislamu, mambo ya mali ya familia yana Kadhi. Nikaenda. Karani pale alikuwa mama mmoja mpole, akanisikiza hadi mwisho, akaniambia, "Mwanangu, hapa tunashughulika na ndoa, talaka, mirathi na mambo ya hadhi ya mtu. Mirathi ni ya aliyekufa. Babako yu hai, Mungu amzidishie. Nenda Mahakama Kuu." Nilitoka nikiwa nimeona haya, kana kwamba nilikuwa nimemzika Baba kwa ulimi wangu.

Kosa la tatu ndilo ghali. Mtu mmoja wa kuandika makaratasi mjini, ambaye kumbe hata wakili hakuwa, alituambia hakuna haja ya kesi. Baba atie kidole kwenye hati ya kunipa mimi mamlaka ya kutenda kwa niaba yake, basi, imekwisha. Shilingi 15,000. Akaja nyumbani na kidau cha wino. "Mzee, umekubali?" "Naam." Akamshika kidole gumba cha kushoto, maana wa kulia ulikuwa umelala, akakikandamiza. Baba alikitazama kidole chake chenye wino kwa muda mrefu sana. Nikaenda kukiosha kwa ndimu na sabuni, na wino ukakataa kutoka hadi siku ya tatu.

Hati ile haikufaa kitu. Mtu hutoa mamlaka yake akiwa anajua anachotoa. Akishapoteza uwezo huo hawezi tena kukupa, hata akitia vidole vyote kumi. Kama mzazi wako bado anaelewa mambo lakini unaona usahaulifu unaanza, huo ndio wakati wa kukaa naye na wakili wa kweli akaeleza mwenyewe anataka nini. Na hata hati iliyotiwa saini mtu akiwa mzima inaweza kukataliwa pindi uwezo wake ukishaondoka, kwa hiyo muulize huyo wakili wazi kuhusu jambo hilo. Nasi tulikuwa tumechelewa.

Novemba ndipo nilipompata wakili, mama wa makamo ambaye kabla ya kunitajia bei alinipa chai. Akanieleza kwa Kiswahili nilichokielewa. Sheria inaitwa Sheria ya Afya ya Akili, Sura ya 248. Chini yake Mahakama Kuu inaweza kutoa amri mbili: ya ulezi, yaani nani atamtunza mtu mwenyewe, na ya usimamizi wa mali, yaani nani atashika pesa zake, nyumba zake, madeni yake. Unaweza kuomba zote mbili kwa pamoja, na ndivyo tulivyofanya. Mara nyingi anayeomba ni jamaa wa karibu. Pasipokuwa na jamaa anayejulikana wala mtu anayefaa, mahakama inaweza kumkabidhi mali Mdhamini wa Umma, yaani afisa wa serikali wa kusimamia mali za watu.

Nilikwama kwenye jina la sheria. Afya ya akili? Nikamwambia, "Dada, baba yangu si kichaa. Ana kiharusi." Akaniacha nimalize. Akasema mahakama haiulizi kama mtu ni kichaa. Inauliza kama ugonjwa umemwondolea uwezo wa kuelewa na kuamua mambo yake, na kwamba watu wa kiharusi, wa ajali za kichwa, wazee waliopotewa na kumbukumbu, wote hupitia mlango huo huo. Nilielewa kwa kichwa. Lakini kurudi nyumbani na kumwambia Mama kwamba tutaapa mbele ya jaji kuwa mumewe ana ugonjwa wa akili, hilo nililiahirisha wiki nne. Wiki nne nzima wakili ananipigia simu, nami nasema bado tunakusanya makaratasi. Mwisho Mama mwenyewe akaniuliza, "Kwani hiyo karatasi inasema nini mpaka hutaki kunisomea?" Nikamsomea. Akasema, "Kama ni kwa ajili ya nepi, waandike wapendavyo. Mimi namjua ni nani."

Bei: wakili alitaka shilingi 120,000, akakubali kulipwa kwa awamu nne. Ada za mahakama na viapo zilikuwa ndogo mbele ya hiyo. Ripoti ya daktari bingwa ilitutoka elfu kumi na mbili. Nauli, nakala, na siku nilizokatwa kazini sikuzihesabu. Asiye na uwezo kabisa aulizie msaada wa kisheria wa serikali, uliowekwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, kabla hajauza mbuzi. Mimi nilisikia habari zake baada ya kumaliza awamu ya tatu.

Ripoti ya daktari inataka maneno. Ya kwanza tuliyopeleka ilitoka hospitali alikolazwa: kiharusi, upande wa kulia umepooza, presha ya kiasi fulani. Wakili akairudisha. Haikusema kama Baba anaelewa, kama anaweza kuamua, kama hali hiyo inatarajiwa kubadilika. Mwambie daktari mapema kwamba ripoti ni ya mahakama na umweleze inaulizwa nini. Sisi tulipata mbili, moja ya daktari aliyekuwa akimtibu na nyingine ya daktari bingwa wa magonjwa ya akili.

Huyu bingwa alimpima Baba kwa karibu saa nzima. Alimwambia aoneshe mlango, na Baba akaitikia naam bila kusogea. Kisha akatoa noti mbili, ya hamsini na ya elfu moja, akamwambia achague ya kununulia unga. Baba aliichukua ya hamsini, akaikunja vizuri akaitia mfuko wa shati, halafu akampa daktari mkono wa kushoto kama mtu aliyelipwa mshahara wake. Tulicheka wote, daktari pia. Kisha nikatoka nje nikalia nyuma ya gari.

Daktari huyo huyo aliandika jambo ambalo nalithamini mpaka leo: kwamba Baba hawezi kusimamia mali wala kufahamu mkataba, lakini anaonesha anachopenda na asichopenda. Na ni kweli. Uji wa mtama anaugeuzia uso, wa mchele anakunywa. Akiletewa redio anatulia, akifika mtu mwenye kelele anafumba macho. Marekebisho ya sheria ya 2022 yameongeza uzito kwenye haki za mgonjwa na matakwa yake, na wakili aliniambia nisijidanganye kwamba amri ikitoka Baba atakuwa amekwisha kama mtu.

Kilichobaki kilikuwa ridhaa za familia. Jaji anataka kujua kwamba wengine wenye haki ya kuzungumza wamejua na wamekubali, au kama hawakukubali, kwa nini. Kila mmoja anaandika hati yake ya kiapo. Kaka yetu wa pili anafanya kazi Doha, akadhani atatuma ujumbe wa sauti kwenye simu. Ikabidi aombe ruhusa kazini aende ubalozi wa Kenya kule, aape mbele ya afisa, kisha karatasi yenyewe ije na mtu anayesafiri. Siku 40. Mama hasomi Kiingereza, na karatasi zote zilikuwa za Kiingereza. Akasomewa kwa Kiswahili neno kwa neno mbele ya kamishna wa viapo, na ikaandikwa chini ya hati kwamba amesomewa na ameelewa. Mdogo wetu, yule wa M-Pesa, alikataa kutia saini hadi kaka mkubwa alipomwomba radhi mbele ya ami. Kaka aliomba. Mdogo naye akaleta karatasi, akajaribu kukumbuka kila shilingi ya ile miezi mitatu. Zaidi ya elfu thelathini hakuzikumbuka. Wakili akasema tuziandike hivyo hivyo: zilitolewa, zinaaminika zilitumika kwa matibabu, risiti hakuna. Nilitaka tuzifiche. Akaniambia kwamba jaji anaweza kuelewa familia iliyochanganyikiwa, lakini karatasi ya uongo iliyoapiwa hataielewa.

Na bado nilikuwa nimeficha kubwa zaidi.

Baba ana wake wawili. Mama, na mama mdogo aliye Malindi, asiye na watoto. Ndoa ya pili ilikuja wakati mimi niko kidato cha pili, na kwetu jina la mama mdogo halitajwi mezani. Nilipomwandikia wakili orodha ya familia, sikumwandika. Sikupanga njama yoyote. Mkono tu haukuliandika jina, na Mama aliyekuwa kando yangu aliliona pengo lile akanyamaza.

Ombi liliwasilishwa Februari 2024 kwa njia ya mtandao, ada zikalipwa kwa simu. Aprili likatajwa mbele ya jaji kwa video. Jaji alipitia karatasi, akauliza mambo mawili matatu, kisha akasema, "Hapa naona mke mmoja. Mzee ana wake wangapi?"

Nilikuwa kwenye kompyuta ya afisi ya wakili, nimevaa baibui jipya. Wakili akanigeukia. Nikasema, "Wawili, Mheshimiwa." Sauti yangu mwenyewe sikuitambua. Jaji hakufoka. Alisema tu kwamba mtu ambaye maisha yake yanategemea mali hii ana haki ya kusikizwa, kisha akatoa tarehe ya wiki sita mbele ili mama mdogo apelekewe karatasi. Wakili hakuniambia kitu mpaka tukafika mlangoni. "Kama ungeniambia Novemba," akasema, "leo tungekuwa na amri."

Nilikwenda Malindi mwenyewe. Sikutaka apelekewe na mtu wa mahakama kama mdaiwa. Mama mdogo alinikaribisha kwa maji ya ndimu, akasoma karatasi zote (yeye Kiingereza anakijua kuliko mimi), akaniambia kwamba tangu Ramadhani ile ya kiharusi hakuwa amepokea hata shilingi ya matumizi, na kwamba alikuja hospitalini mara nne akakaa kwenye ngazi hadi sisi tulipoondoka, ndipo akaingia. Mara nne. Sikujua. Hakupinga mimi kuwa msimamizi. Aliomba jambo moja, kwamba matumizi yake ya mwezi yaandikwe ndani ya amri, yasitegemee moyo wa mtu. Nikampigia wakili nikiwa nimekaa kwenye kiti chake.

Kama unakusanya majina, andika wote: mke wa pili, mtoto wa nje, dada wa mgonjwa mliyekosana naye. Mtu aliyeachwa anaweza kuja baadaye kupinga amri, na hapo unaanza upya huku umeshatumia pesa.

Siku ya kusikizwa, Juni, jaji alitaka kumwona Baba. Kaka alishika simu kando ya kitanda. Jaji akamsalimia, "Mwalimu, hujambo?" Baba akaitazama ile simu, akainua mkono wa kushoto kidogo. "Naam." Jaji akamuuliza kama anajua watu hawa wanaomba nini. "Naam." Akamuuliza kama anapinga. "Naam." Jaji akaandika kwa muda, akashukuru, akamwambia Mwalimu apumzike.

Amri ilitoka Julai. Mimi mlezi na msimamizi wa mali, matumizi ya wake wote wawili yakatajwa kwa kiwango, na masharti. Baba alikuwa amelala. Nilimpelekea habari hata hivyo.

Nilidhani tumemaliza, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Chukua nakala zilizothibitishwa na mahakama, si moja. Mimi nilichukua mbili nikarudi kuomba nyingine nne, maana benki wanataka ya kubaki nayo, watu wa pensheni wanataka, afisi ya ardhi inataka. Hata ukiwa na amri mkononi, benki itaipeleka kwa wanasheria wao waihakikishe. Kwetu ilichukua wiki tatu. Omba pia akaunti ya mgonjwa ibaki kwa jina lake, nawe uwe mtia saini kama msimamizi. Usichanganye pesa zake na zako hata kwa siku moja, hata ukiwa sokoni umeishiwa na chenji.

Msimamizi ana mipaka. Bila ruhusa maalumu ya mahakama huwezi kuuza, kuweka rehani wala kumpa mtu ardhi au nyumba ya mgonjwa, wala kuipangisha kwa zaidi ya miaka mitano. Hili lilitukuta uchi, kwa kuwa Baba kabla ya kuugua alikuwa amekubaliana kumuuzia mtu kiwanja huko Kilifi na kupokea sehemu ya pesa. Mnunuzi alipoona amri alifurahi, akaleta fomu nitie saini. Nikamwambia siwezi. Hakuamini, akadhani nataka kuongezewa. Tumelazimika kuwasilisha ombi jingine la ruhusa hiyo, pamoja na makubaliano ya zamani na ripoti ya bei ya kiwanja. Mpaka naandika halijaamuliwa. Kama mgonjwa wako ana biashara ya ardhi isiyokwisha, mwambie wakili mwanzoni aone kama linaweza kuingizwa kwenye ombi la kwanza. Mimi nilikumbuka kiwanja mnunuzi alipobisha hodi.

Halafu hesabu. Ndani ya miezi sita tangu kuteuliwa unapeleka kwa mahakama na kwa Mdhamini wa Umma orodha ya mali yote, pesa ulizopokea, na madeni anayodai na anayodaiwa. Baada ya hapo, kila mwaka, ndani ya miezi mitatu tangu Januari mosi, unapeleka hesabu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Na mtu akiona hesabu zako zina kasoro anaweza kwenda mahakamani kuzipinga. Marafiki wananiambia nimepata cheo. Nawaambia nimepata ukarani wa pili usio na mshahara.

Orodha ya kwanza niliifanyia sebuleni kwa Mama, Januari 2025, na nilimwalika mama mdogo. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kuingia nyumba ile. Mama alimletea kiti bila kumtazama. Tulihesabu: vyumba sita, kiwanja, akaunti, baiskeli, cherehani, kabati la vitabu vya Mwalimu ambavyo nilitaka kuviruka. Mama mdogo akasema vitabu ni mali, viandikwe. Mama akasema, "Kweli, viandikwe. Vile vya hesabu alivinunua kwa mshahara wa kwanza." Wakaanza kuvitoa kimoja kimoja, mmoja anasoma jina, mwingine anapangusa vumbi, na mimi naandika.

Hesabu za Machi nilizipeleka siku nne kabla ya mwisho. Kwenye ukurasa wa matumizi kuna betri za redio, shilingi 120, mara tisa. Karani aliyepokea karatasi aliziona akaniuliza kama kweli nilihitaji kuandika hata betri. Nikamwambia mwenye pesa alikuwa mwalimu, akisahihisha mpaka nukta. Akagonga muhuri.